Mlango Uliofungwa Mara Mbili

Mgeni akishuka kituo cha reli na njaa yake, watu wote walimwelekeza mlango mmoja: chumba chembamba kando ya dirisha la tiketi, chenye meza, viti viwili na rafu ya vijitabu. Humo alikaa mwanamke waliyemwita Bi Kijitabu, na hakuna aliyeujua mji ule kwa tumbo na kwa miguu kumzidi. Kwa miaka kumi na minane halmashauri ilimwajiri aandike, kila mwaka, kijitabu cha kurasa ishirini cha kuwaambia wageni pa kula na pa kustarehe.

Usidhani ilikuwa kazi ya kukaa. Mwingine angepiga simu, akauliza "Bado mpo?", akamaliza. Yeye alikwenda mwenyewe, bila kujitangaza, akaagiza, akala, akaingia chooni, akatoka na uso ambao wenye mikahawa walijifunza kuusoma. Kwenye bwawa la kuogelea aliwahi kuteleza kwenye bomba la watoto akiwa na gauni la kazini na miaka hamsini na moja mgongoni, kwa sababu, alisema, hawezi kumwambia mtu kwamba jambo linafurahisha kabla halijamfurahisha yeye. Akaandika: "Bomba ni refu na linachekesha. Maji ni ya baridi." Kuhusu bustani ya muziki: "Bendi nzuri, ila mwimbaji anaongea kuliko anavyoimba." Kuhusu mgahawa wa ghorofa ya saba, ambako meya hupenda kupeleka wakubwa wenzake: "Mandhari ni tamu kuliko chakula. Nenda ukiwa umeshiba." Meya alinuna wiki nzima. Yeye hakufuta hata nukta.

Ukweli ule ulikuwa wa kweli, sibishi. Lakini mtu akisifiwa ukweli wake miaka kumi na minane, mwishowe huupenda kuliko anavyowapenda watu, na hapo ndipo penye shida.

Alikuwa na kanuni yake mwenyewe, ambayo halmashauri wala haikuijua. Zamani, mzee mmoja na mkewe walifuata kijitabu hadi mwisho wa mji, jua la utosi, wakakuta mgahawa ulishakufa miezi mitano nyuma. Walirudi kituoni, hawakumfokea, walikaa tu kwenye vile viti viwili wakinywa maji. Tangu siku hiyo akajiwekea: mahali akipakuta pamefungwa mara mbili, wiki mbili tofauti, saa ya kula, panafutwa. Hakuna cha kuuliza, hakuna cha kubembelezana.

Sasa, alikuwa na kaka yake. Kaka wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka kumi na mbili, mpishi, mtu wa kiwiliwili hasa, mji mzima ukimwita Kibonge na nyumba yake ya chakula ikiitwa Kwa Kibonge. Baba yao alipofariki, Kibonge aliacha shule akaingia jikoni kwa watu, ili mdogo wake asome. Alimpikia, alimsuka nywele vibaya, alimpeleka shule akiwa amembeba begani. Kalamu aliyoshika Bi Kijitabu, ukitaka kusema kweli, ilinunuliwa na jasho la sufuria za kaka yake.

Miaka mitatu nyuma aliandika hivi: "Kwa Kibonge. Mchuzi hauna mfano mjini. Utasubiri saa nzima, na mwenye nyumba hapendi kuharakishwa." Kila neno kweli tupu. Kibonge alikuja kituoni na aproni yake, wageni wakiwa wamekaa.

"Nimekupikia tangu huna meno," alisema. "Leo unanipima kwa saa?"

"Kaka, wageni hawajui kwamba ulinilea. Wanachojua ni njaa yao."

"Sawa. Basi na mimi nihesabu miongoni mwa wageni."

Hawakusemezana tena. Kununa kwa watu wa nyumba ile kulikuwa kazi ya kudumu, yenye bidii kama kazi nyingine. Lakini kila mwaka, mwezi wa ukaguzi ulipofika, Bi Kijitabu aliingia Kwa Kibonge kama anavyoingia kwingine, akakaa meza ya pembeni. Kibonge alimletea sahani kwa mkono wake, ingawa alikuwa na wahudumu wawili, na pembeni ya wali aliweka kipande cha ukoko, kile cha dhahabu cha chini ya sufuria, ambacho dada yake alikuwa akikililia utotoni. Yeye alikula, akaandika, akaondoka. Neno halikutoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwaka, na nadhani kila mmoja aliyaishi miezi kumi na miwili.

Mwaka huu alikuwa ameamua. Alikuwa amechoka kununa, na umri nao unasogea. Asubuhi ile alijisemesha mbele ya kioo, "Kaka, yaishe," akaona neno limekaa vizuri mdomoni. Akavaa gauni la bluu, akaenda.

Akakuta kufuli.

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, na Kibonge hakuwahi kufunga Jumatano tangu dunia iwe dunia. Bi Kijitabu alisimama pale na lile neno lake mdomoni. Wazo la kwanza lililomjia, aibu yake mwenyewe, ni kwamba kaka yake amemwona akija, akafunga ili asimpe sahani. Ng'ambo ya barabara, fundi cherehani alimtazama juu ya miwani yake. Kumuuliza ilikuwa hatua kumi. Lakini dada atamuulizaje mtu baki habari za kaka yake? Si ni kutangaza mtaa mzima kwamba damu moja hawajuani? Alimpungia fundi mkono, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akarudi. Kufuli lile lile. Safari hii fundi alitoka kabisa, na futi shingoni.

"Mama, kuhusu kaka yako..."

"Najua," alimkatiza. "Najua yote, fundi. Asante."

Fundi akamtazama, akakunja futi yake. "Haya, kama unajua, mimi sina la kuongeza."

Hakujua lolote. Alirudi ofisini, akatoa daftari, akapiga mstari juu ya Kwa Kibonge kwa hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na raha kidogo, tusidanganyane: raha ya mtu anayeumiza akiwa na kanuni nyuma yake. Kijitabu kikaenda kwa mchapishaji. Kikatoka, kikasambazwa hotelini na kwenye mabasi ya wageni.

Jumatatu moja wageni walipanga foleni pale chumbani, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa wifi yake, mke wa Kibonge. Alingoja zamu yake kwa adabu, akakaa kwenye kiti.

"Na mimi mgeni," alisema. "Natafuta pa kula."

"Wifi, jamani."

"Nimetafuta humu sikuona." Akakiweka kijitabu mezani. "Kaka yako amekatwa mguu, wifi. Sukari. Tumekaa hospitali wiki saba."

Bi Kijitabu aliweka kalamu chini.

"Nilitaka kukuletea habari siku ya kwanza. Akanikataza, tena kwa ukali. Alisema, 'Mwacheni, mwezi wake wa kuja ni huu, atakuta kufuli, atauliza, atakuja mwenyewe.' Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua shingo. Fundi naye alivyomwambia kwamba unajua yote, alijigeuza ukutani, hakula siku mbili."

Kisha akaeleza mengine, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoumiza. Walikuwa wamefungua tena. Wateja wa mtaani walishazoea kwingine. Wageni, ambao ndio walioibeba nyumba ile, hawakuonekana. Juzi walipita wawili na kijitabu mkononi, wakasimama mlangoni, wakakagua ukurasa, mmoja akamwambia mwenziwe, "Hapa hapapo tena." Na Kibonge mwenyewe alikuwa pale pale kizingitini, juu ya magongo yake mapya, akiwaambia karibuni.

Wifi alipoondoka, Bi Kijitabu alifunga ofisi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akachukua nakala zote zilizobaki, akaandika kwa mkono ukurasa wa tisa, pembeni: "Kwa Kibonge. Pako wazi. Mchuzi hauna mfano." Akazunguka hoteli hata hoteli, akiomba vijitabu vyake kama aliyepoteza pete, akiandika kaunta kwa kaunta. Mpokezi mmoja alimcheka, "Bi Kijitabu leo unatia chumvi?" Alimeza. Siku tatu aliandika, kidole kikafanya sugu. Siku ya nne akaenda kwa kaka yake.

Mlango ulikuwa wazi mno. Vijana wawili walikuwa wakitoa viti na kuvipanga juu ya mkokoteni. Kibonge alikaa nje, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini gotini, mashavu yameondoka, ile nyama yote iliyompa jina haipo. Asingemjua, kama si macho.

"Karibu," alisema. "Umekuja kula au umekuja kufuta?"

"Kaka." Lile neno la kwenye kioo lilishaoza. "Mbona hamkuniita?"

"Fundi alitaka kukuambia."

"Sikumpa nafasi."

"Basi ndiyo hivyo."

Akampa kijitabu, kimefunguliwa ukurasa wa tisa. "Nimekurudisha. Kila nakala niliyoipata, kwa mkono wangu. Wape wiki mbili tu, wageni watakuja."

Kibonge alikisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Akatabasamu kidogo alipofika kwenye mchuzi. Kisha akanyoosha mkono aombe kalamu. Alipopewa, akaulaza mstari mmoja juu ya maneno yale, ulionyooka, wa mtu asiye na hasira.

"Viti vimeshapata mwenyewe, na jiko linachukuliwa kesho," alisema. "Mji huu hujawahi kuudanganya, mdogo wangu. Usianze leo kwa sababu yangu."

Akamrudishia kijitabu na kalamu yake. Halafu akamwita kijana aliyekuwa akipita na viti viwili, akamwambia ashushe kimoja.

"Kaa," akamwambia dada yake. "Chakula hakipo."

Akakaa.