Mama Chaki na mtaa unaochorwa upya kila Jumamosi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mtaa bado ni wa paka na mfagiaji mmoja. Mwanamke wa miaka sitini na mbili anakunja gunia mara nne, analitandika juu ya lami, anapiga magoti na kuguna. Kisha anatoa kipande cha chaki mfukoni na kuanza kuchora mstari.

Upande wa pili wa kamba kuna mumewe, fundi bomba mstaafu, macho bado yamejaa usingizi.

"Baba watoto, vuta! Unailegeza kama unataka kuanika nguo."

"Navuta. Ukiona haitoshi, njoo ushike mwenyewe huku."

Kamba hiyo ina mafundo. Kutoka fundo moja hadi jingine ni hatua tatu za mtu mzima, na hapo panatosha meza, kiti na mteja mmoja wa kubishana bei. Wenyewe wanapaita chumba. Mama huyu anachora vyumba thelathini na sita, kuanzia kona ya duka la mikate hadi ukuta wa ghala, na ndani ya kila kimoja anaandika namba kwa mwandiko wake uliolala upande.

Siku nyingine za wiki yeye ni fundi wa zipu. Ana koleo mbili, cherehani moja na kopo la vichwa vya zipu vya kila rangi. Lakini mtaani hapa hakuna anayemwita fundi. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Chaki.

"Nikiitwa jina langu halisi nashtuka," anasema. "Najua nimefanya kosa."

Leo utani wake ni mfupi. Saa nne asubuhi ofisa wa mji atakuja kuhesabu meza. Zikifika thelathini, soko la Jumamosi litapata kibali cha kudumu. Ikipungua hata moja, mtaa unarudishwa kwa magari. Jumamosi iliyopita zilikuwa ishirini na tatu.

Soko hili si jipya. Lilidumu zaidi ya miaka thelathini, likiendeshwa na wakazi wenyewe, bila mwenye soko wala mlinzi. Aliyechora vyumba enzi hizo alikuwa mama mkwe wake, ambaye kabla ya kufariki alimwachia kamba. Halafu mtaa ukachimbwa kupitisha mabomba ya maji. Kazi iliyosemwa kuwa ya wiki sita ilikula miezi kumi na minne, na lami mpya ilipomwagwa wauzaji walikuwa wameshatawanyika. Magari yakajaa pande zote mbili, yakakaa miaka tisa.

"Tukawa tunaishi mtaa mmoja na hatujuani," anasema mwoka mikate wa kona, mtu mnene mwenye sauti ndogo. "Mtu anafiwa, wewe unakuja kusikia baada ya mwezi. Zamani ungesikia Jumamosi."

Ni yeye, Mama Chaki na wakazi wengine wachache waliopita mlango kwa mlango wakikusanya sahihi. Ofisi ya mji ikawapa miezi sita ya majaribio, na sharti la meza thelathini Jumamosi ya mwisho. Siku ya kwanza walifika watu thelathini na sita, vyumba vyote vikajaa. Mama Chaki anakiri kwamba alilia, akasingizia vumbi la chaki.

Soko hili lina desturi yake, nayo inaitwa kusogea. Kona ya mikate ndiyo tamu, kwa sababu watu wote wanaoshuka kituoni hupita hapo. Mkiani, kwenye ukuta wa ghala, kuna jua kali, na wengi hugeuza kabla ya kufika. Fundi wa zipu akiwa kona hushona hata zipu ishirini kwa siku. Mkiani akipata nne anashukuru.

Kwa hiyo hakuna mwenye chumba chake. Ukiwa namba sita leo, Jumamosi ijayo uko namba tano, kisha nne, hadi ufike kona. Ukishaila kona yako, unabeba vitu vyako unakwenda mkiani kuanza upya. Chaki inafutwa na viatu na magurudumu kabla ya Jumatano, na kila Jumamosi mtaa unagawanywa kana kwamba ni siku ya kwanza.

Wiki ya nane ya majaribio, magoti ya Mama Chaki yalivimba. Mwoka mikate alikuwa amemaliza kupaka duka lake, na makopo mawili ya rangi nyeupe ya mafuta yalikuwa yamebaki.

"Nilimwonea huruma," anasema mwoka mikate, akijikuna shingo. "Nikamwambia, mama, tuchore mara moja tu, wewe upumzike."

Wakachora Jumapili moja, vyumba vyote, kwa namba nzuri zilizosimama wima. Watu wakapiga makofi, na Mama Chaki akaitundika kamba msumarini nyuma ya mlango.

Jumamosi iliyofuata kila mtu alikwenda pale alipokuwa wakati wa kuchora. Walisema watasogea wiki ijayo. Halafu mmoja akagongelea ndoano ukutani, mwingine akaleta meza nzito ya mbao, wa tatu akawaelekeza wateja wake namba ya chumba.

"Hakuna aliyekataa kusogea," anasema Mama Chaki. "Ila hakuna aliyesogea. Na mimi nilikuwa chumba cha pili. Unadhani niliona shida gani?"

Chumba cha kwanza alikuwepo wifi yake, dada wa mumewe, muuza vikombe na sahani. Wifi huyu hakuwahi kusahau kwamba kamba ya mama yake mzazi aliachiwa mke wa kaka, si yeye. Kwa hiyo alipopata kona, aliikalia kama urithi.

Chumba cha thelathini na sita alikuwepo Bwana Miche, mzee mpole anayeuza miche ya matunda na maua kwenye makopo. Juma lililotangulia alikuwa kona, akauza makopo arobaini. Akashuka mkiani kwa roho safi, kama desturi inavyotaka, akijua ataanza kupanda. Hakupanda. Jua la ukutani likawa linaunguza miche yake kabla ya adhuhuri.

"Alikuja kuniuliza, 'Mama, mimi nasogea lini?' Nikamwambia wiki ijayo." Mama Chaki anaacha kuchora. "Nilimwambia wiki ijayo mara tatu. Mara ya nne hakuuliza. Na Jumamosi iliyofuata hakuja."

Baada yake akaondoka wa thelathini na tano, kisha wa thelathini na tatu. Soko likaanza kufa kutokea mkiani, na waliokuwa kona hawakujua, maana kwao biashara ilikuwa moto. Watu kumi na watatu walikuwa wameondoka ofisa alipopita kuwakumbusha kwamba siku zimebaki chache.

Mama Chaki alimwendea wifi yake na kumwomba asogee. Jibu alilopata halifai kuandikwa gazetini. Wiki mbili hawakusalimiana, ingawa nyumba zao zinatazamana.

"Mimi nilikuwa nakula kwa mke wangu na kunyamaza kwa dada yangu," anasema mumewe. "Nilikonda."

Ndipo Jumamosi iliyopita Mama Chaki akapiga moyo konde. Alikiacha chumba cha pili kitupu, akabeba cherehani hadi ukutani, akakaa mahali pa Bwana Miche. Saa moja, saa mbili, saa tatu, hakuna mteja. Karibu saa sita alimwona wifi yake akishuka mtaa mzima, mkoba mkononi, uso umekunjwa.

"Zipu yangu imekwama," alisema wifi.

Mama Chaki akaipeleka mbele na kuirudisha nyuma. Ilikuwa nzima kama siku iliponunuliwa. Akaipaka nta, akaifungua na kuifunga, taratibu, kama anaitibu kweli. Wifi akavuta kiti akaketi. Akakaa saa nzima, jasho likimtiririka, akitazama mtaa.

"Nilihesabu watu kumi na mmoja," anasema wifi mwenyewe, anayeongea kwa haraka na bila kumtazama mtu. "Kule kwangu kumi na mmoja ni kabla sijamaliza kupanga vikombe. Niliona aibu, nikakasirika kwa sababu nimeona aibu. Nikamwambia, haya, wiki ijayo nakuja huku mimi. Lakini sahani zangu atazibeba kaka yangu, maana yeye ndiye aliyekuoa."

Siku ya pili yake watu walitoka na brashi za waya, msasa na mafuta ya kuondolea rangi. Walikwangua tangu asubuhi hadi jua likapoa, na mwoka mikate ndiye aliyekwangua zaidi. Wakakubaliana foleni igeuzwe: aliyekuwa mkiani aanze kona, na wa kona aanze mkiani. Kisha Mama Chaki akazunguka juma zima nyumbani kwa wale kumi na watatu, akiomba radhi mlango kwa mlango. Baadhi walimkaribisha chai. Kwa Bwana Miche, mkewe ndiye aliyetoka mlangoni, akasema mzee anapumzika.

Sasa ni saa tatu na nusu. Meza zinapangwa, watu wanataniana na kukanyagana miguu. Wifi yuko ukutani, chumba cha thelathini na sita, amefunga shuka juu ya meza kuzuia jua. Jirani yake, chumba cha thelathini na tano, ni Mama Chaki. Sita kati ya walioondoka wamerudi.

Ishirini na tisa.

Kona ni tupu. Mwoka mikate anapendekeza atoe meza moja ya maandazi aiweke pale, tatizo liishe.

"Kona ni ya Bwana Miche," anasema Mama Chaki.

"Mama, asipokuja?"

"Ni yake asipokuja."

Ofisa anafika saa nne kamili, bwana mwenye miwani na karatasi zilizobanwa kwenye ubao. Anashuka mtaa, anapanda, anahesabu kwa ncha ya kalamu, Mama Chaki nyuma yake. Anasimama kona, juu ya namba moja iliyochorwa kwa chaki.

"Hapa pana nani?"

"Pana mtu," anajibu Mama Chaki. "Hajafika."

"Mimi nahesabu waliofika, mama."

Mama Chaki ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Ofisa anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, kama mtu asiyependa anachopaswa kuandika.

Toroli linasikika kabla halijaonekana, gurudumu moja likilia. Anayelisukuma ni mke wa Bwana Miche, mama mrefu mwenye kanga ya bluu kiunoni, na ndani ya toroli kuna makopo sita tu. Anasimama pembeni ya mstari, anaiangalia namba.

"Amesema nije nione kama kweli mmemwachia," anasema.

"Ndiyo hiyo," anasema Mama Chaki.

Mama yule anashusha kopo moja na kuliweka katikati ya chumba. Mpapai mdogo, majani matatu.

Ofisa anakuna kichwa. "Kopo moja ni biashara?"

Swali hilo linamkuta wifi akipanda mtaa mbio, kanga mkononi, pochi imefunguliwa. Mwanamke huyu, kwa kauli ya kaka yake, hajawahi kumwagilia hata ua la jirani.

"Mpapai ule bei gani?" anauliza, akihema. Anaambiwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake habishani bei. Analipa, anaukumbatia mpapai, anamgeukia ofisa. "Ameuza. Andika."

Ofisa anaandika thelathini. Kelele zinazofuata zinamfanya mfagiaji atoke kibarazani kuuliza nani anaoa.

Mchana, mkiani, mawifi wawili wamekaa kiti kwa kiti chini ya shuka, mpapai katikati yao. Mama Chaki ametengeneza zipu tatu. Anamwambia mwandishi kwamba anataka kufika kona kwa zamu, kama mtu yeyote, na zamu yake itafika baada ya Jumamosi thelathini na nne. Ameshaamua kushona gauni la siku hiyo. Kabla ya hapo ana jambo moja la kumaliza. Kamba iko mapajani mwake, na anamsogezea mwenzake ncha moja.

"Ilikuwa ya mama yako. Magoti yangu yamechoka. Jifunze."

"Sitaki kamba," anasema wifi. "Nataka kona."

"Utaisubiri."

Lakini wifi haiachii ncha ile. Anapitisha vidole kwenye fundo la kwanza, kisha la pili. Mama yake ndiye aliyeyafunga.

Alasiri, mke wa Bwana Miche anapita na toroli tupu. Makopo yote sita yameondoka. Anasimama mbele ya Mama Chaki, hakai.

"Jumamosi ijayo tuko chumba gani?"

Mama Chaki angeweza kulikwepa swali hilo. Anamtazama machoni.

"Cha thelathini na sita. Huku ukutani."

Mama yule anautazama ukuta, na lami inayotoa joto chini yake.

"Na ile nyingine?"

"Thelathini na tano."

"Na ile nyingine?"

"Thelathini na nne. Nitachora mwenyewe, nikishindwa atachora huyu."

Mama yule anainua mikono ya toroli.

"Basi nitamwambia aje na shuka," anasema, na gurudumu linaanza tena kulia kuelekea nyumbani.