Mpelelezi wa Bangkok na Wazee wa Lewisham

Hivi msomaji, ukitaka kumjua mchumba wa bintiyo, utampigia simu au utaajiri mpelelezi? Jumanne, ndani ya basi la Lewisham, hapa London, mzee wa kanisa alikuwa akimsomea nesi mmoja ripoti ya private detective ambaye kamati ya wazee ilimwajiri huko Bangkok amchunguze mchumba wa nesi huyo, anayeishi huko.

"Kila Jumapili anaingia fleti ya ghorofa ya tisa. Wanawake kwa wanaume, mapazia yamefungwa. Wanalia, wanapiga kelele, wengine wanaanguka sakafuni." Akavua miwani. "Binti yangu, kijana tumeshamwandikia. Harusi hakuna."

Binti akaitazama picha ya mlango wa fleti iliyobandikwa kwenye ripoti. "Mzee, hiyo ni branch yetu. You opened it yourself, kwa video call!"

Mzee akaikunja karatasi mara nne. "Sasa mbona mpelelezi hakuandika kwamba ni kanisa?"

Jamani! Digrii yangu inaota ukungu kabatini, na kuna mtu ana kazi ya kuchungulia ibada asiitambue. Shangazi zetu wangemuuliza jirani mmoja tu, case closed.

Wazee wa kamati, mpigieni huyo kijana leo, mumwombe radhi kwa vinywa vyenu wenyewe, na binti akiwa hapo anasikiliza.