Icyuma Karibu na Jicho la Daphrose

Viateur alimpiga mkewe kwa mchi wa kutwangia isombe, majani ya muhogo, na alipoanguka akamfuata chini kwa kisu. Mchi ulivunja shavu la kushoto. Kisu kilichimba karibu na jicho, kikagonga mfupa, kikakatika ncha. Daphrose alikuwa na mimba, mimba iliyokuja umri umeshakwenda, na kosa lake lilikuwa kumuuliza mumewe amelala wapi.

Majirani wa Busanza waliambiwa kwamba mke ndiye aliyeshika kisu, mume akajitetea. Waliamini. Mwanamume anayesalimia watu vizuri huaminiwa haraka.

"Ukifungua mdomo," Viateur alimwambia mkewe, "nitalivunja na shavu la pili."

Jeraha likafunga, lakini uso ulibaki umebonyea kama sufuria iliyoangushwa, na taya halikufunguka vizuri hata kula. Daktari alitaka kupima mifupa ya uso na fuvu kabla ya kuipanga upya. Kwa sababu ya mimba hakutaka mionzi, akachagua mashine ya sumaku, ambayo hupiga picha bila mionzi. Viateur hakuja. Alimtuma dada yake, Mukamana, awe masikio yake.

Mlangoni mwa chumba cha mashine, mpiga picha wa hospitali aitwaye Kaliza aliuliza kwa Kinyarwanda kama Daphrose ana icyuma mwilini. Neno hilo ni chuma, na ni kisu pia.

Daphrose aliwaka. "Uongo wa mume wangu umefika hata hapa? Mimi sijawahi kumshikia mtu kisu."

"Cha kwake kiko ulimini," Mukamana akadakia, akicheka. "Andika hana, dada, tuwahi chakula."

Kaliza hakucheka. "Sisemi kisu, mama. Nasema chuma chochote. Humo ndani kuna sumaku kubwa. Kama una kipande hata kidogo karibu na jicho, itakivuta, na kitapita kinapotaka."

Daphrose akagusa kovu. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi, kilichomchoma kila alipolalia upande ule. Akamtazama wifi yake. Mukamana alikuwa ameacha kucheka. Alijua. Ndiye aliyekiosha kisu kile.

"Hana kitu," Mukamana akasema. "Mwingize tu."

Daphrose akaelewa kwamba wifi huyu, aliyekula kwake miaka yote, angekaa pale kwenye benchi akisubiri jicho lake lipasuke.

"Ninacho," akasema. "Ni ncha ya kisu cha mume wangu. Kama huniamini, muulize huyu kisu kilikatikia wapi."

"Malaya wewe, unataka kumfunga kaka yangu?" Mukamana akamrukia, akamkamata nywele, kucha zikalichana kovu mpaka damu ikamwagika shingoni. Walinzi walimtoa akiwa bado anapiga mateke.

Ncha ilitolewa kwa upasuaji mdogo. Polisi walioitwa na hospitali wakaichukua, na Viateur wakamchukua. Ndipo Daphrose akalazwa ndani ya mashine, ikamgongea kichwani kama watu wanaobomoa nyumba. Alitulia, ngumi amezikunja.

Daktari alipima kwenye picha. Mfupa wa shavu ulikuwa umeingia ndani kiasi cha upana wa kidole, ukibana taya.

"Tutauinua, mama. Unataka uso uwe kama zamani?"

"Nataka mdomo ufunguke," Daphrose akajibu kwa tabu. "Nitasimama mbele ya hakimu, na nina mengi ya kusema."