Beji ya Kutangulia Shimoni

Kwenye machimbo ya bati huku Kyerwa, hakuna anayetangulia shimoni kukagua usalama bila beji ya mzee mmoja, mtahini wa wachimbaji. Mikono yake imepasukapasuka kama majani makavu ya mgomba, na sauti yake ni kubwa hata akiongea na mtu aliye ubavuni pake. Ukimwamkia shikamoo, hukutazama mdomoni kwanza ndipo aitikie. Mtihani wake ni uleule siku zote: hushuka na mtu, hugonga mwamba wa juu kwa mpini wa nyundo, huuliza, "Unasemaje?" Mwamba mzima hulia kama kengele, uliooza hulia kama kibuyu kitupu.

Siku kijana Celestin alipotahiniwa, mwamba ulilia kama kibuyu. "Umeoza, mzee, tutoke!" alisema, huku akirudi nyuma gizani. Mtahini alipommulika usoni, midomo yake ilikuwa imeshafumbwa. "Mzima, eeh? Safi, umefaulu." Akambandika beji kifuani, akageukia ngazi. "Nimesema umeoza!" Celestin akampigia kelele mgongoni. Mgongo ule haukushtuka, uliendelea kupanda taratibu. Kumbe mzee hasikii.

Celestin alipotoka nje, kaka yake Hirwa, aliyezoea kujisifu nyumbani kwamba kwa mzee huyo alijibu kwa kubahatisha tu na akafaulu, alikuwa akiwatangulia wenzake kwenye shimo la jirani. Celestin alimwita kwa nguvu zote. Hirwa aligeuka, akaigonga beji yake kwa kidole, akacheka, akashuka.