Migongo Mia Mbili na Kumi

Nimekuwa karani wa masijala miaka thelathini. Kwa hiyo dada yangu mdogo aliponiletea skana ndogo ya nyumbani, tuhifadhi picha za marehemu mama, kijitabu cha maelekezo nilikifanya cha kuwekea kikombe cha chai.

"Kaka, soma kwanza."

"Mambo ya karatasi unifundishe mimi?"

Nikajifungia sebuleni kutwa nzima. Kila picha niliichomoa kwenye albamu, nikaipangusa, nikailaza juu ya kioo sura ikinitazama, nikashusha kifuniko taratibu kama ninayemfunika mtoto. Picha mia mbili na kumi! Kiuno kiliniuma, ila kichwa kilivimba zaidi.

Jioni dada akachomoa kadi ya kumbukumbu ya skana, akaichomeka kwenye kompyuta. Ikatokea karatasi yenye madoa ya gundi. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Kumbe picha hulazwa kifudifudi, itazame kioo. Mtaalamu mzima nilikuwa nimehifadhi migongo.

Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akasogea karibu na kompyuta. Nyuma ya picha mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuzichomoa akaona.

"Hii ni yako, kaka. Ile ya ulipokuwa na miaka minne, umesimama mlangoni."

Nikavaa miwani, nikasoma mwandiko wa mama:

"Kavaa viatu kushoto kulia tena. Nikimwelekeza, ananiambia anajua."