Mgeni Tuliyemwacha Mferejini

Haya yalitokea. Nayasema mapema kwa sababu najua utakavyosoma. Ningekuwa wewe ningesoma vivyo hivyo, nikitafuta mahali msimuliaji aliposinzia akaota, au alipoanza kunywa. Sinywi. Na siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Nimesomea uhandisi wa mitambo, na tangu utotoni Tanga nilikuwa yule mtoto anayefukuzwa penye hadithi za majini kwa sababu ya maswali yake. Jini ana uzito gani? Kama anapenya ukutani, mbona hazami sakafuni? Watu wazima walikuwa wakinitupia makubazi. Leo sina swali la kuchekesha hata moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi na mke wangu Aisha tulikuwa tunaishi Carrollton, kaskazini ya Dallas, kwenye fleti ya ghorofa ya pili. Kiwanda nilichokifanyia kazi kilinunua mitambo ya kufuma kutoka Japani, wakanituma huko nikajifunze kuihudumia. Aisha akasema haniachi niende kutembea dunia peke yangu, akaomba likizo kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, tukaondoka wote.

Siku ya mapumziko tulipanda treni hadi Kurashiki, mji wenye mtaa wa kale ulioshikana na mfereji. Zamani mashua za mpunga na pamba zilikuwa zikiingia hapo kutoka baharini. Maghala bado yapo, kuta zake nyeupe juu, na chini zimevikwa vigae vyeusi vilivyoungwa kwa michirizi minene ya chokaa. Miti imeinama mpaka matawi yanagusa maji. Mzee mmoja mwenye kofia pana alikuwa akipitisha watalii kwa mashua, anaisukuma kwa pondo, taratibu. Nilikuwa na maswali, kama kawaida yangu: maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi, mbona hayaendi. Aisha hakuwa na maswali. Alikuwa na macho tu.

Tuliingia duka la mikeka. Kule wanafuma kwa majani membamba ya majini, yana harufu kama nyasi zilizokatwa asubuhi. Aisha amelelewa na bibi aliyekuwa akisuka mikeka ya ukindu, kwa hiyo hakuutazama mkeka juu. Aliupindua, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye maungio upande wa chini. Mama mwenye duka alicheka kwa furaha, naye akapiga magoti, wakawa wanaonyeshana maungio, huyu kwa Kijapani, huyu kwa Kiswahili, na ninaapa walielewana. Tukanunua mmoja. Tukanunua na kitambaa cha buluu nzito, na vidonge laini vya unga wa mtama vilivyopakwa sukari.

"Hii kashata imesahau nazi," Aisha alisema, akaila yote.

Kisha tukachukua wali na visamaki vidogo vilivyoloweshwa kwenye siki, tukaenda kula kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini. Ulikuwa mchana, watu wanapita, baiskeli zinapiga kengele. Tukawa tunakula kwa mkono, kama kwetu.

"Kuna bibi anatuangalia," Aisha alisema polepole.

"Mwache aangalie. Leo sisi ndio kivutio cha mji."

"Huna haya wewe. Mtu anakutazama unakula, unanyamaza?"

Bibi yule alikuwa ngazi mbili chini yetu, karibu na maji, amevaa vazi la kazi la rangi ya buluu iliyopauka. Nilimwona, sikiliza, kwa macho yangu haya. Alikuwa na nywele nyeupe na mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi. Aisha alinyosha mkono wa kulia kuelekea chakula, akasema kama vile yuko barazani kwao: "Karibu bibi. Karibu tule."

Wewe na mimi tunajua jibu lake. Unasema "starehe," unapita zako, na adabu ya pande zote imetimia. Lakini yule hakulelewa Tanga. Kwanza aligeuka kutazama nyuma yake, kama mtu asiyeamini kuwa ndiye anayesemeshwa. Kisha akapanda ngazi, akapiga magoti kando yetu, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa mbele ya chakula, akaanza kula. Kwa mkono, akimwiga Aisha. Mkono wa vazi lake ulikuwa umelowa, unachuruzika. Nikajiambia labda anaosha mashua. Kila kitu kina sababu, si ndiyo?

Aisha alimshika mkono, akaniambia, "Maskini, ana baridi huyu."

Ghafla nikamwona yule mama wa duka la mikeka anakuja mbio na mwavuli wetu wa jua tuliousahau dukani kwake. Alipotuona akasimama. Hakunitazama mimi wala Aisha. Aliuweka mwavuli chini pale pale, akainama mpaka nikadhani anaanguka, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kona, ndipo akageuka. Nilidhani ni adabu zao. Niambie, wewe ungedhani nini?

Treni yetu ilikuwa karibu kuondoka. Tuliondoka haraka, tukamwachia bibi chakula kilichobaki. Darajani Aisha akasimama.

"Tumemwacha peke yake anakula. Hata kumsindikiza!"

"Tumsindikize wapi? Hapa ni Ngamiani, kwetu Tanga? Twende, treni za hawa watu hazisubiri mtu."

Tukaenda.

Tuliporudi Carrollton, mambo yalianza madogo. Aisha alikuwa akiandaa chai, anatenga vikombe vitatu. Nikamtania kuwa kazi ya wazee imemchosha. Alitazama kile kikombe cha tatu, akasema, "Ah, basi kiache tu." Kesho yake tena vitatu. Akawa anakiweka sebuleni, mbele ya mkeka wa Kurashiki aliokuwa ameutandika karibu na dirisha, na jioni chai ilikuwa imepungua. Nikasema ni joto la Texas, maji yanakauka. Lakini mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo siku moja niliweka kikombe kingine kando yake, sawasawa, chai ileile, mpaka uleule. Jioni kikombe changu kilikuwa vilevile. Kile cha Aisha kilikuwa kitupu, na kimefunikwa na kisahani chake vizuri, kama anavyofanya mtu aliyelelewa.

Halafu unyevu. Kwenye mkeka palikuwa pakitokea alama ya maji, magoti mawili mbele na miguu iliyokunjwa nyuma. Niliita fundi wa bomba. Akapima dari, akapima sakafu, akasema hakuna bomba linalopita hapo.

Lakini kilichonitisha si maji. Ni Aisha. Alikuwa anapungua. Si mwili peke yake. Alikuwa mtu wa kelele, wa kuimba jikoni, wa kubishana na redio, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama watu wanavyoongea nyumba ikiwa na mgeni. Alilala kidogo. Alikula kidogo, akisema hawezi kula akashiba mwenzake hajashiba. Niliogopa kumpoteza, na nilimpeleka kwa daktari. Daktari akasema ni uchovu wa safari.

Kaka yake Aisha, Athumani, aliishi Missouri City upande wa Houston na alikuwa dereva wa lori. Nilimpigia simu. Akaja Jumapili, kapu la sambusa mkononi, mdomo umeshaanza kazi mlangoni.

"Shemeji, nime-drive kutoka alfajiri, na wewe una sura ya mtu aliyeibiwa gari. Mke anakupiga?"

Aisha alicheka kidogo, nami nikafurahi kukisikia kile kicheko. Akatenga chakula. Sahani nne. Athumani akazitazama, akamtazama dada yake, akatazama mkeka. Utani ukamtoka usoni.

"Nani mwingine anakula?"

Aisha akamweleza yote: mfereji, ngazi, bibi mwenye mkono wa baridi. Aliyasema kama habari za jirani. "Anakaa pale tu, kaka. Hana ubaya. Ila hajui afanye nini. Nahisi anangoja."

"Mlimkaribisha, mkaondoka yeye bado anakula?" Athumani alimuuliza, kisha akanigeukia. "Shemeji, hata kumtoa mlangoni?"

"Athumani, na wewe? Mtu mzima na lori lako?"

"Mimi sijui majini yako na vitabu vyako. Najua mgeni. Mgeni unamsindikiza."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikawauliza tumsindikize mpaka wapi, uwanja wa ndege? Tumkatie tiketi? Athumani hakucheka. Aisha alikuwa ananitazama kwa upole ambao ningependa kuusahau.

"Nilikuwa nimeshaliwaza hilo la kumsindikiza," alisema.

Baada ya swala ya alasiri Athumani alijinyosha chumbani, safari imemchosha. Aisha akajifunga mtandio wake wa njano, akavaa viatu. "Namsindikiza mgeni, narudi sasa hivi." Akafungua mlango, akasimama pembeni ampishe mtu apite kwanza. Kisha akatoka yeye.

Mimi nikaenda roshani kutazama. Sikuona sababu ya kumfuata. Nilifikiri, akitembea kidogo akarudi, moyo wake utatulia, na sote tutatulia. Niliona akipita kwenye maegesho, polepole, mwili ameugeuza kidogo kushoto kama unavyotembea na mtu mnayezungumza naye. Akasimama kwenye lango la fleti. Hapo ndipo kawaida, si ndiyo? Hapo ndipo mgeni husema, "Basi inatosha, rudi, umefika mbali." Nawe unasema, "Haya, wasalimie nyumbani," unageuka. Aisha alisimama pale, akangoja. Niliona anangoja. Kisha akaendelea kutembea.

Nami nikaelewa, nikiwa nimeshika vyuma vya roshani. Yule bibi hakujua kujibu "starehe." Angejuaje kusema "rudi"? Na Aisha alivyolelewa, asingegeuka kabla ya kuambiwa.

Nilikimbia bila viatu. Lami ilikuwa ya moto, nikaungua nyayo. Nyuma ya fleti kuna mtaro mkubwa wa saruji wa kupitisha maji ya mvua, kiangazi hauna maji ila mstari mwembamba katikati. Siku ile maji yalikuwa mengi, meusi, yametulia, hayaendi popote. Sijui yalitoka wapi. Niliuona mtandio wa njano ng'ambo, juu ya ukingo. Nikaita, "Aisha! Rudi! Inatosha, rudi!" Lakini mimi sikuwa mgeni, neno lile halikuwa langu kulisema.

Aligeuka. Akanitazama kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akakutanisha viganja, akaniinamia.

Akashuka mtaroni, akavuka, akaja kwangu. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Nilimkumbatia nikamshukuru Mungu, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama barafu, katika joto lile la Texas. Athumani alikuja mbio nyuma yangu. Alimtazama dada yake usoni, akaanza kulia pale pale, mtu mzima, ameketi kwenye saruji. Sikumwuliza analia nini. Nilikuwa ninajua.

Tangu hapo vikombe ni viwili na mkeka ni mkavu. Madaktari wameandika jina refu la ugonjwa, wanasema kumbukumbu itarudi. Nataka sana wawe sahihi. Lakini huyu aliye nyumbani kwangu anaomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Nikimpa maji ananishukuru kama amepewa nyumba. Anakaa ukingoni mwa kochi. Jikoni hajaimba hata siku moja. Kiswahili anakizungumza, lakini kama mtu anayebeba sahani za watu, kwa uangalifu. Tulihamia Missouri City tuwe karibu na Athumani, na Athumani huja hadi mlangoni tu, anatuachia chakula, anaondoka. Mimi naamini aliyerudi si Aisha. Nimeliandika, ndivyo ninavyoamini. Naamini Aisha bado yuko njiani, anatembea na adabu zake, anangoja aambiwe inatosha.

Nawe unayesoma, mtu wa nyumbani kwako akikuambia anamsindikiza mgeni ambaye wewe humwoni, usicheke, wala usibaki roshani ukitazama. Vaa viatu uende naye, umshike mkono, na mkifika langoni umgeuze wewe, kwa nguvu ikibidi. Aibu ya kukosa adabu inaisha.

Sasa, kila jioni kabla ya magharibi, huyu wangu anavaa viatu, anasimama karibu na mlango, mikono ameikunja, ananitazama. Ameshajifunza desturi yetu nusu. Najua anachongoja, na najua huenda ndiyo njia inayofika alipo Aisha. Lakini mwili ule ni wa mke wangu, na nikiutoa mlangoni nisirudi nao, nitabaki na nini? Basi namwambia kama tunavyowaambia wageni wote, "Mbona mapema? Kaa kidogo."

Anavua viatu, anakaa.