Mkalimani wa Chechelesi na intaneti ‘isiyo na kikomo’

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Chechelesi, mjini Isiolo. Sadiya Hirbo ameegemeza godoro dirishani ili mlio wa mbuzi wa jirani usiingie. Amevaa hedifoni, na kwenye kompyuta iliyo mbele yake kuna watu wawili walioko Melbourne, Australia, ambako saa hizi ni alasiri. Mmoja ni daktari wa upasuaji. Mwingine ni bibi Mborana aliyehamia huko kwa mwanawe, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

Daktari anauliza kama bibi ameacha kumeza dawa yake ya kufanya damu iwe nyepesi. Asipoiacha kabla ya kisu, anaweza kuvuja damu hadi afe. Hata kabla Sadiya hajatafsiri, bibi anaitikia kwa kichwa. Sadiya anafungua mdomo, na papo hapo picha inaganda. Kiduara kinazunguka juu ya uso wa daktari, kinazunguka tu.

“Kwetu mtu wa heshima akikuongelesha, unaitikia kwa kichwa,” aeleza Sadiya. “Ni adabu. Ni kusema nakusikia. Lakini daktari ataona hiyo ni jibu. Na mimi niko hapa, naangalia kiduara.”

Alitoka mbio hadi uani, akanunua bando kwenye simu na kupiga tena. Alimkuta daktari ameshaandika kwamba dawa imeachwa. Haikuwa imeachwa. Bibi alikuwa ameimeza asubuhi hiyo hiyo pamoja na chai. Upasuaji ukaahirishwa, na bibi yu hai.

Aliyebaki hatarini ni Sadiya. Shirika la ng’ambo linalompa kazi ya ukalimani lina kanuni fupi: laini ikikukatikia mara tatu katika robo moja ya mwaka, jina lako linafutwa. Ile ilikuwa mara ya kwanza. Kazi hii ndiyo inayomlisha yeye, watoto wake wawili na mama yake aliyeko Kinna.

Sasa msomaji ataniuliza: kwani huyu mama alikuwa anatumia intaneti ya kuombaomba? Hapana. Kila mwezi anailipa kampuni ya Tandabui shilingi elfu tatu na mia tano, na kwenye bango lao kubwa kando ya barabara kuu wameandika kifurushi hicho ni “bila kikomo”.

Alipowapigia simu, kijana wa huduma kwa wateja alimjibu kwa sauti ya asali kwamba kikomo hakipo, ila ukifika kiwango fulani kasi hupunguzwa. Sera hiyo, akasema, inaitwa matumizi ya haki.

“Nikamwuliza, haki ya nani?” asema Sadiya. “Akaanza kunisomea maisha yangu.”

Na kweli alimsomea. Nyumbani kwako kuna vifaa kumi na moja, mama. Kuna simu hii na ile. Kuna mtu anatazama katuni kila siku baada ya Alasiri. Akamalizia kwa kumwonya kwamba huenda anauza intaneti kwa majirani, na wezi wa namna hiyo hukatiwa laini.

Hapa ndipo damu inapochemka. Kampuni inayoweza kuona katuni za mtoto wa jirani haiwezi kumtumia mteja ujumbe wa mstari mmoja kumwambia kiwango chake kinakaribia kwisha. Macho ya kuchungulia inayo, lakini mdomo wa kuonya haina.

Ni kweli majirani walikuwa na nywila yake. Hakuiuza. Aliigawa siku mafundi walipofunga ruta, kama ambavyo mtu hugawa nyama ya mbuzi aliyechinja. Sadiya alikulia Kinna, katika ukoo wa wachunga ng’ombe, na Waborana hawamnyimi mtu maji ya kunywa kisimani, awe rafiki au mgeni wa njia. Mifugo ndiyo inayopangiwa zamu, na anayeipanga huitwa aba herega, baba wa zamu.

“Mtu akiniuliza pasiwadi, nitamwambia nini? Eti sina?” asema.

Lakini neno mwizi lilimchoma. Jioni hiyo alibadilisha nywila. Katoto ka jirani kalikuja na simu, kakarudi nayo vile vile. Nakuam Ekiru, mama Mturkana anayeuza mkaa mlango wa pili na ambaye binti yake anasoma ualimu kwa mtandao, hakuja hata kuuliza. Asubuhi alipita akasema “habari” bila kusimama.

“Afadhali angenitukana,” asema Sadiya. “Huyu ndiye alinishikia mtoto nilipolazwa. Nililia.”

Basi baada ya aibu yote hiyo, kasi ilirudi? Thubutu. Kabla mwezi haujaisha, nyumba ikiwa na kompyuta moja na simu moja, kiduara kilirejea katikati ya mazungumzo na nesi. Hiyo ikawa mara ya pili. Majirani hawakuwa na hatia. Kazi yake peke yake, ya video tangu asubuhi hadi adhuhuri, ilitosha kugonga kile kikomo kisichokuwapo.

Alifunga safari hadi kwa Salad, wakala wa Tandabui mjini, akatoa salaam aleikum na kuuliza swali moja: kiwango chenyewe ni kipi?

“Wallahi, dada, hiyo kitu hata sisi hatuambiwi,” alijibu Salad. “Hata mimi kwangu inakwama. Na nyumba yangu iko hapo Chechelesi.”

Huu ni mji wa soko la mifugo. Hakuna anayenunua mbuzi Isiolo kabla hajamfungua mdomo akaona meno. Intaneti peke yake ndiyo tunayouziwa ikiwa ndani ya gunia, na tukiuliza rangi yake tunaambiwa tuna matumizi mabaya.

Watu husema dawa ya kampuni mbovu ni kampuni nyingine. Sadiya alienda Chapuchapu, wapinzani wa Tandabui, wanaotangaza ruta ya bure. Wakamwambia waya wao unapita barabara kuu penye hoteli na ofisi za mashirika. Chechelesi hawachimbii nguzo mpaka nyumba kumi zijiandikishe kwa pamoja. Kumbe ushindani tunaousikia redioni ni wa barabara kuu. Mtaani kwetu yameingia matangazo tu.

Nyumba kumi. Na alizokuwa anazijua vizuri ni zile zile alizozifungia.

Alipiga moyo konde, akaanza na mlango wa Nakuam. Nakuam alikuwa anajaza mkaa kwenye mikebe. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Ulitufungia kisima,” akamwambia. “Sasa unataka tukusaidie kuchimba ingine?”

“Ndiyo,” akajibu Sadiya. “Na nimekosa. Waliniita mwizi, nikaogopa.”

Nakuam alijifuta masizi kwenye leso. “Mimi najua kuogopa,” akasema. “Lakini watu wa hapa si wajinga. Ungesema tu, Nakuam, asubuhi niko na daktari, zimeni simu. Tungezima.”

Tangu siku hiyo, nywila imerudi kwa wote. Asubuhi mpaka adhuhuri, majirani huzima waifai. Katuni na masomo ya binti wa Nakuam husubiri alasiri, na kasi ikipunguzwa, majirani humchangia Sadiya bando za simu za kumfikisha mwisho wa mwezi kwa shida. Msimamizi wa zamu ni Nakuam mwenyewe. Hupita mlango hadi mlango akigonga kwa mkebe wa mkaa: “Zimeni, daktari ako laini!” Wazee wa Kiborana mtaani wanamwita aba herega, mwanamke tena Mturkana, naye huitika.

Laini haijakatika mara ya tatu. Lakini hakuna sababu ya kupiga makofi. Mtaa mzima unajinyima ili kampuni moja iendelee kuita kikomo kwa jina la haki, na Chechelesi wanailipa kila mwezi kwa heshima hiyo.

Nyumba zilizojiandikisha Chapuchapu ni kumi. Ya kumi ni ya Salad, wakala wa Tandabui, aliyekuja baada ya Isha na kuomba jina lake lisitajwe ofisini. Baadaye alibadili mawazo. “Andika tu,” aliniambia. “Wao wananijua kila kitu, hata hii watajua.”

Nguzo zimeahidiwa kabla ya mvua. Sadiya ameweka sharti kwamba kiwango kiandikwe wazi, kwa Kiswahili, na kwamba waya uwe wa nyumba zote kumi. Amekwisha kununua kopo dogo la rangi ya buluu.

“Siku ile waya itafika, pasiwadi nitaandika hapo nje kwa ukuta,” asema, akionyesha karibu na mlango wa Nakuam. “Mpita njia akiwa na kiu, asome. Na wale wa kuniita mwizi, wakuje wasome pia.”